Muulize Anti: Wavulana wawili na nyumba haikaliki

Toleo lililopita nilijibu kaswali kadogo tu ka mama mmoja ambaye mwanae mdogo anamng'ata kaka yake, basi meseji zimemiminika mpaka mhariri kanipa ukurasa mzima. Wengi mnauliza kitu kilekile ila kila mtu na maneno yake, kwamba hivi hawa watoto wana shida au mimi ndio nina shida. Nimechagua barua chache, majina nimeyatoa, na nyingine nimezifupisha maana jamani kuna aliyeandika habari ya wifi yake tu mwanzo mpaka mwisho, watoto kawataja kwenye salamu.

*Shikamoo Anti. Nina watoto wawili wa kiume, mkubwa ana miaka 5 yuko chekechea, mdogo miaka 2 na nusu. Nashona nguo hapahapa nyumbani. Naamka saa 11 alfajiri kwa sababu gari la shule linapita saa 12 na robo, mkubwa haamki, namvalisha soksi akiwa amelala, mdogo naye akisikia honi anataka kupanda gari analia mpaka mtaa mzima unaamka. Nikikaa kwenye cherehani anachomoa nyuzi, nikimtoa kwenye nyuzi anamwaga maji ya ndoo. Saa 7 mkubwa akirudi ndio vita inaanza, wanagombania kila kitu hata mfuniko wa sufuria, wanapigana, wanacheka, wanapigana tena. Baba yao anarudi saa 4 usiku anawakuta wanaruka kitandani, ananiambia nawalea vibaya. Mama mkwe anasema niwachape. Nimechapa Anti, wapi. Nikimaliza kupiga kelele naenda kulia chooni. Wanangu wako sawa kweli?*
*Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo la mwisho, wanao wako sawa. Mtoto wa miaka 2 na nusu anayechomoa nyuzi hana nia mbaya na riziki yako, yeye kaona kitu kinavutika na kina rangi, kavuta. Ule uwezo wa kujizuia, wa kusema moyoni "mama kakataza ngoja niache", unakuja polepole mno, hata kijana wa miaka 18 bado haujamkomalia vizuri, sasa huyo wa pampasi ya juzi tu utamdai nini. Kwa hiyo ile "nimekwambia mara ngapi?" hata ukiiuliza kwa sauti ya mnadani hana jibu la kukupa.

Ila kwenye barua yako kuna kitu kimoja mimi kimenigusa kuliko ugomvi wao, nacho ni usingizi. Hebu tuhesabu. Mkubwa saa 4 usiku bado anaruka kitandani, saa 11 na nusu unamwamsha, hapo kalala kwa muda wa saa 7 na kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa alale saa 10 mpaka 13 kwa siku ukichanganya na usingizi wa mchana, na wa mwaka 1 na 2 saa 11 mpaka 14. Huyo mkubwa wako kavuka umri huo juzi tu hapo, kwa hiyo anadaiwa karibu saa 3 kila siku ya Mungu. Na mtoto mwenye deni la usingizi huwa hasinzii kama sisi watu wazima, yeye ndio kwanza anapanda kichaa, anaruka, analia kwa kitu kidogo, anampiga mwenzie. Wewe unaona utukutu, kumbe mtu kachoka.

Sasa usije ukaanza kesho kuwalaza saa 12 jioni, watakucheka. Rudisha muda kwa robo saa, wakizoea rudisha tena, mpaka ufike mahali ambapo taarifa ya habari ya saa 2 usiku inaanza na wao wameshalala. Mdogo asilale mchana kupita saa 9. Jioni wale mapema, waoge, TV izimwe, taa ipunguzwe, kahadithi kafupi, basi. Hadithi ni ileile kila siku, watoto wanapenda kurudiwa, wewe ndio utachoka. Na sare, soksi, viatu na begi vyote viwe kwenye kiti kabla hujalala, kutafuta soksi moja alfajiri kumeharibu asubuhi za watu wengi.

Utaniuliza, na baba yao anayerudi saa 4 atawaona saa ngapi? Asubuhi. Mpe kazi ya kumwamsha mkubwa na kumpeleka kwenye gari, na amchukue mdogo mabegani amsindikize kaka, hicho kilio cha honi nakuhakikishia kitapungua kwa sababu naye atakuwa kapata safari yake. Halafu mtu akishamvalisha mtoto aliyelala soksi asubuhi tatu mfululizo hatakuja kusema tena umewalea vibaya.

Ugomvi. Acha kuuliza nani kaanza. Hakuna mahakama iliyowahi kupata jibu la swali hilo, na kila ukiuliza unawafundisha kushtaki. Kama hakuna damu, hakuna meno na hakuna mtu kashika kitu kigumu, kaa kwenye cherehani yako subiri kidogo, mara nyingi wanamalizana wenyewe. Ikifika kuumizana, nyanyuka bila kelele, watenganishe, na huo mfuniko wa sufuria unauchukua wewe, hakuna mshindi. Na kuna sentensi moja nakuomba uifute kabisa ndani ya nyumba, ile ya "mwachie mwenzio, yeye mdogo". Tunaisema wote bila kufikiri, lakini mkubwa anasikia kwamba kuzaliwa kwanza ni kosa, na mdogo anajifunza kwamba akilia anapewa, sasa kwanini asilie? Mkubwa atengewe vitu vyake juu ambapo mdogo hafiki, daftari, rangi, kigari chake, na hivyo mdogo hapewi hata akigaragara.

Fimbo umejijibu mwenyewe, umechapa na haikusaidia. Anayechapwa kwa sababu kampiga mdogo wake anaelewa kitu kimoja tu, kwamba mwenye nguvu ndio anapiga. Mama mkwe msalimie, mwambie Anti kasema tunajaribu usingizi kwanza.

Kuhusu cherehani, tafuta kakapu ka mdogo, weka vipande vya vitambaa, vibweta vitupu vikubwa, futi kuukuu. Vifungo usiweke, vinaenda moja kwa moja mdomoni au puani, na sindano na mkasi vikae kwenye kopo lenye mfuniko mgumu juu kabisa. Kazi za wateja wenye haraka zifanye akiwa amelala mchana. Sakafu ikiwa chafu iache ikae chafu.

Na hilo la kulia chooni, siku moja moja ni uchovu tu. Ila ikiwa wiki mbili zimepita karibu kila siku unalia, usingizi hauji hata watoto wakiwa wamelala, chakula hakipandi, hakuna kinachokufurahisha, nenda kituo cha afya uwaambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Hiyo inaitwa sonona, inatibika, wala sio kukosa imani wala uvivu.

*Anti, nina wavulana wa miaka 7 na 3, nataka wote wapate tohara likizo ya Desemba. Babu yao anataka niwapeleke kijijini kwa ngariba kama alivyofanyiwa yeye na baba yao. Mimi moyo unakataa ila naogopa kuonekana nadharau mila. Je kuwafanyia pamoja ni sawa?*
*Mama K., Morogoro*

Mama K., moyo wako uko sahihi. Kwa ngariba shida kubwa ni kisu kimoja kupita kwa watoto wengi, damu kutozuilika, na kidonda kuingia uchafu, na hospitali ikiwa mbali ndio hadithi tunazozisikia kila mwaka. Lakini babu naye msikilize, maana jando halikuwa kukata tu, kulikuwa na mafunzo, heshima, nyimbo, kijana anaambiwa mambo ambayo mama yake hawezi kumwambia. Mimi ningempendekezea babu hivi: kukata kufanyike hospitali kwa ganzi, wakipona wote wawili waende kijijini wakae naye, afundishe anachotaka kufundisha, na ngoma ichezwe. Wazee wengi ukiwaletea hivyo wanakubali kwa sababu hujawanyang'anya kitu chao.

Kabla ya siku yenyewe mwombe daktari awaangalie vizuri. Kwanza tundu la mkojo liko nchani au limekaa kwa chini? Wapo watoto wanazaliwa limekaa chini, na hao hawatahiriwi kwanza, maana ile ngozi ya mbele ndio daktari wa upasuaji anaitumia kurekebisha, ikishakatwa kazi inakuwa ngumu. Ngariba hatakwambia hilo. Pili, korodani zote mbili ziko kwenye mfuko wake? Moja ikiwa haijashuka na mtoto kashapita miezi 6 inabidi aonwe na daktari wa upasuaji, haitashuka yenyewe, na wa kwako wa miaka 3 na 7 ndio usingoje kabisa. Tatu, kama kwenye ukoo kuna mtu akijikata damu haikati, au akitoka jino anavuja siku nzima, sema mapema.

Kuwafanyia pamoja inawezekana, wengi wanafanya kwa ajili ya gharama na likizo. Ila fikiria nani atakusaidia, maana wa miaka 7 ukimwambia kaa kitandani atakaa angalau anaangalia katuni, wa miaka 3 atataka kukimbia siku ya pili, na huyo wa 3 hospitali nyingine wanapendelea nusu kaputi kwa kuwa hatulii kwenye sindano ya ganzi. Kama uko peke yako tanguliza mmoja. Waandalie misuli au kanzu, suruali hapana. Kidonda cha mtoto kwa kawaida kinakuwa kizuri ndani ya wiki moja mpaka mbili, ila damu ikivuja bila kukoma, homa, usaha, au mtoto hajakojoa kutwa nzima, hapo unarudi hospitali siku hiyohiyo, husubiri kesho. Na tafadhali usipake majivu wala kitu chochote ambacho hujaelekezwa.

*Shikamoo Anti. Wa kwangu wa kwanza ana miaka 6 bado anakojoa kitandani, mdogo wake wa miaka 4 ameshaacha. Dada wa kazi anamwimbia vinyimbo vya kikojozi na mdogo mtu anaitikia. Nimemnyima maji kuanzia mchana bado tu.*
*Mama Junior, Mwanza*

Marahaba. Anza na dada wa kazi, hivyo vinyimbo viishe leo. Mtoto anayekojoa usingizini hajui kama anakojoa, hafanyi makusudi wala sio uvivu, kumwaibisha mbele ya mdogo wake kunamfanya aogope kulala na hali inazidi. Miaka 6 bado wapo wengi tu, wavulana ni wengi kuliko wasichana, na mara nyingi linatembea kwenye ukoo, hebu muulize baba yake kwa upole aliacha lini, unaweza ukashangaa. Na kwamba mdogo katangulia kuacha haimaanishi kitu, kila mwili na saa yake.

Maji usimnyime. Anywe vizuri asubuhi na mchana, jioni ndio upunguze, na chai na soda usiku acha. Akojoe kabla ya kupanda kitandani. Angalia pia choo kikubwa, mtoto mwenye choo kigumu utumbo ukijaa unabana kibofu na anakojoa, hilo watu wengi hawalijui, mpe mapapai, mboga za majani na maji. Godoro livalishe nailoni chini ya shuka, na asubuhi akusaidie kutoa shuka kama kazi ya kawaida tu, isiwe adhabu. Daktari mwone ikiwa alishakuwa mkavu miezi 6 au zaidi halafu kaanza upya, au mkojo unamuuma, au anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, hiyo ya mwisho usiichelewe kabisa kwa sababu kisukari huwa kinaanza hivyo kwa watoto.

*Anti simu inanisaidia kupika, nikiwapa katuni wanatulia. Nafanya vibaya? Wana miaka 4 na mwaka mmoja na nusu.*
*Mama Twaha, Tanga*

Hujaua mtu. Mwongozo uleule wa 2019 unasema chini ya miaka 2 kioo hakifai kabisa, na miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kwa hiyo mkubwa mpe wakati unakaanga, mdogo mbebe mgongoni au mkalishe na miiko na mabakuli ya plastiki mbali na jiko. Video zishushe kabla ili bando lisikuishie katikati, maana kilio cha hapo nakijua.

*Mdogo alijimwagia chai ya moto mkononi, mama yangu akapaka dawa ya meno. Hospitali wakanigombeza mimi. Nifanye nini siku nyingine, hawa watoto wangu hawatulii jikoni?*
*Mama Abuu, Temeke*

Pole kwa mtoto na pole kwa kugombezwa, kuna namna ya kumwelekeza mama bila kumkaripia. Dawa ya meno, yai bichi, asali, unga, vyote hapana, vinazuia joto lisitoke na vinaingiza uchafu, halafu nesi lazima avikwangue na mtoto anaumia mara ya pili. Ni maji ya kawaida ya bomba, yamiminike juu ya jeraha dakika 20, kama bomba halitoi tumia jagi na beseni. Barafu hapana. Vua nguo iliyolowa na bangili kabla hajavimba, ila kama nguo imeganda kwenye ngozi iache. Kisha funika na kitambaa safi kisichonata, nenda kituo. Malengelenge usiyatoboe.

Na hapa ndio mahali pa kuwa mkali jamani. Kelele, matope na kuruka kwenye kochi mimi nafumba macho, ila jiko, barabara na ndoo ya maji hapana mjadala. Chora mstari kwa chaki mlangoni mwa jiko, hakuna anayevuka mama akiwa na moto. Mpini wa sufuria ugeuze kwa ndani. Beseni na ndoo zimwagwe ukimaliza kufua, mtoto mdogo anazama hata kwenye maji machache. Mafuta ya taa na dawa ya kusafishia choo visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, na ikitokea kayanywa usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali na hiyo chupa mkononi.

*Kila mtu ananiuliza lini natafuta wa kike. Mdogo ndio kwanza ana miezi 8. Mume anasema labda tatizo ni mimi.*
*Mchoshwa, Arusha*

Tatizo halipo, ila kama mume anatafuta mhusika basi mwambie mbegu inayoamua wa kike au wa kiume inatoka kwake, yai la mwanamke halichagui. Na kuzaa wavulana wawili hakuongezi nafasi ya wa tatu kuwa msichana, kila mimba inaanza upya karibu nusu kwa nusu, tena wavulana wanazidi kidogo, duniani wanazaliwa kama 105 kwa kila wasichana 100. Ushauri wa wataalamu ni mwili upumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo ubebe mimba nyingine. Vijiti, sindano, kitanzi, vidonge, vyote utaelezwa kliniki za serikali bila malipo, nenda na mume ikiwezekana. Na hao wanaouliza waulize wewe, nani atamlea?

*Habari za kazi dada. Mke wangu anawafundisha wavulana wetu, miaka 8 na 5, kuosha vyombo na kufagia. Washkaji wakija wananicheka, wanasema nalea watoto wa kike. Mimi sipingi sana ila nataka niwajibu nini?*
*Baba Wawili, Dodoma*

Nzuri kaka, na asante kwa kuandika, kina baba mnaandika kwa nadra. Waulize hao washkaji wakienda mkoani kikazi nani anawafulia soksi. Kijana anayejua kupika ugali na kufua shati lake hahangaiki akienda chuo, na hana haja ya kuoa mtu kwa ajili ya kupikiwa. Halafu nani kasema ni kazi ya kike, si ndio wanaume tunaowaona jikoni kwenye migahawa na kwenye majiko ya chipsi mtaani usiku kucha?

Ila gawa kwa umri. Wa miaka 5 aoshe vijiko na vikombe vya plastiki, apange viatu, apeleke nguo chafu kwenye tenga. Wa 8 anaweza sahani, kufagia uwanja, kuchambua mchele, kufua soksi zake. Visu, glasi na jiko la moto bado. Wasilipwe kwa hilo, na kazi zizunguke, wiki hii huyu vyombo yule ufagio, wiki ijayo wabadilishane, vinginevyo watagombania hata ufagio. Wataosha vibaya mwanzoni, sahani zitabaki na mafuta, usizirudie mbele yao. Na wewe kaka siku washkaji wakija, wakimaliza kula simama ukusanye sahani uzipeleke kwenye karo mwenyewe, wakicheka wape na wao taulo la kufutia.